Brick Game Ilivyofika Eastlands

Kabla haijawa soko, Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya kulala wageni huko Eastleigh, mahali ambapo msafiri kutoka kaskazini mashariki mwa Kenya angepata kitanda kwa bei nafuu. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Mogadishu mnamo Januari 1991, Wasomali waliokimbilia Nairobi walijaza vyumba vile, na baadhi yao wakaanza kuuza bidhaa humohumo ndani. Mchana kitanda kilikuwa meza ya duka. Usiku bidhaa ziliingia uvunguni, mwenyewe akalala juu yake. Mali ilitoka Dubai na nchi za Mashariki ya Mbali. Haukupita muda wageni wa kulala wakatoweka, kila chumba kikawa duka, na mtindo huo ukaenea Eastleigh hadi yakasimama yale majengo ya ghorofa ya biashara tunayoyaona leo.

Naianza historia hii Eastleigh, wala si Moscow, kwa makusudi. Mchezo wa vipande vinavyoanguka, ambao ulimwengu unaujua kwa jina la Tetris, una simulizi yake iliyozoeleka: mvumbuzi wa Moscow, mikataba, kesi, mamilioni ya nakala. Katika simulizi hiyo watoto wa Jericho, Kaloleni, Umoja na Dandora, mitaa ya Eastlands ya Nairobi, hawamo, kwa kuwa nakala walizozicheza hazikuingia katika daftari la mwenye haki yoyote. Lakini walicheza, tena kwa ustadi, na njia iliyouleta mchezo mikononi mwao ni sehemu halali ya historia ya Nairobi.

Tuanze na bei. Kampuni ya Nintendo ilipoingiza kifaa chake cha mkononi, Game Boy, katika maduka ya Marekani mwishoni mwa Julai 1989, iliiuza kwa karibu dola 90, kaseti ya Tetris ikiwa ndani ya boksi. Dola moja wakati huo ilikuwa kama shilingi 20 na ushei za Kenya, kwa hiyo hesabu ni takriban shilingi 1,850 kabla ya nauli na ushuru. Kisha ukaja mwaka 1993. Shilingi iliporomoka baada ya uchaguzi wa 1992 na fedha zilizomwagwa katika kipindi kile cha kashfa ya Goldenberg, na wastani wa dola ukafika shilingi 58. Game Boy ileile sasa ilikuwa zaidi ya shilingi 5,000. Kwa mzazi aliyeamka alfajiri kutembea kwa miguu kutoka Makongeni hadi Industrial Area, hiyo haikuwa bei ya kitu cha mtoto kuchezea. Game Boy ilionekana Eastlands mara mojamoja, mara nyingi kwa mtoto mwenye shangazi au mjomba ng'ambo, na iliondoka nyumbani kwa ruhusa maalumu tu.

Mwaka huohuo wa 1993, chini ya shinikizo la wafadhili, serikali iliondoa leseni za kuagiza bidhaa na kulegeza udhibiti wa fedha za kigeni. Hatua hizo ziliumiza viwanda vingi vya ndani, hasa vya nguo, na watu wa Eastlands walikuwa wa kwanza kuonja maumivu hayo kwa kuwa wao ndio waliokuwa wafanyakazi wa viwanda hivyo. Lakini milango iliyofungukia mitumba ya Gikomba ilifungukia pia saa za mkono, redio ndogo, vikokotoo na vichezeo vya plastiki kutoka viwanda vya Uchina. Bidhaa hizo zilishuka Eastleigh na katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, zikachukuliwa kwa jumla na wachuuzi, zikaishia kwenye vibanda karibu na steji za matatu. Miongoni mwazo kulikuwa na kifaa kimoja kirefu cha plastiki, chembamba kiasi cha kushikwa kwa viganja viwili, kilichoandikwa usoni kwa herufi kubwa: Brick Game. Chini yake, idadi ya kushangaza: 9999 in 1.

Hapakuwa na gemu 9,999 ndani. Kulikuwa na michezo michache, na kila mmoja ulihesabiwa upya kwa kila kasi na kila kiwango cha ugumu hadi hesabu ikafika ilikofika. Kulikuwa na gari la mbio lililokwepa magari mengine, kulikuwa na vifaru, kulikuwa na nyoka, kulikuwa na chura wa kuvuka barabara. Yote ilichorwa kwa miraba ileile: safu 10 kwa upana, safu 20 kwa urefu, basi. Kila mraba ulikuwa umechapwa tayari kwenye kioo, na kazi ya umeme ilikuwa kuuwasha ukawa mweusi au kuuzima ukabaki kivuli cha kijivu. Aina nyingi za kifaa hiki ziliendeshwa na chipu ya biti 4, akili ndogo sana hata kwa viwango vya wakati ule. Udogo huo ndio uliofanya bei iwe ya mtaani. Kioo hakikuwa na rangi wala taa ya ndani, na hakukuwa na kaseti ya kununua baadaye.

Katika michezo yote, uliochezwa hadi batani zikafutika alama ni ule wa kwanza, wa vipande vinavyoanguka. Vilikuwa vipande 7, kila kimoja cha miraba minne: kirefu, kibonge cha mraba, cha T, viwili vya kupinda kama L, na viwili vilivyopindana kama Z. Vinashuka kimoja kimoja, unavizungusha, unavipanga, na mstari ukijaa kutoka ukuta hadi ukuta unafutika. Ukiacha mashimo, rundo linapanda hadi juu na gemu inakwisha. Mtoto ambaye bado hajajua kusoma alielewa kila kitu kwa kutazama juu ya bega la kaka yake kwa dakika mbili.

Mtu aliyebuni mpangilio huo hakuwa anawaza pesa. Mnamo 1984 Alexey Pajitnov alikuwa mtafiti katika Kituo cha Kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Sovieti mjini Moscow. Alipenda fumbo la pentomino, lenye vipande 12 vya miraba mitano mitano, akataka kulitia kwenye kompyuta yake ya Elektronika 60. Vipande 12 vilikuwa vingi mno, akapunguza mraba mmoja, akabaki na vile 7. Kompyuta ile haikuweza kuchora picha, kwa hiyo miraba ya kwanza ilikuwa mabano tu ya maandishi. Vadim Gerasimov, kijana wa shule wa miaka 16, alisaidia kuhamishia mchezo kwenye kompyuta za IBM, na kuanzia hapo ukasambaa kwa diski zilizonakiliwa mkono kwa mkono, bila malipo, hadi ukavuka mipaka ya Urusi.

Mikataba ilikuja baadaye, na ilikuja kwa fujo. Robert Stein wa London aliuza haki ambazo hakuwa amezipata sawasawa. Kampuni za Uingereza na Marekani ziliuza nakala. Mapema 1989 Henk Rogers alifika Moscow kwa viza ya utalii, akaketi na Nikolai Belikov wa ELORG, shirika la serikali lililosimamia biashara ya programu, na akaondoka na haki za vifaa vya mkononi kwa ajili ya Nintendo. Rogers ndiye aliyewashawishi wakuu wa Nintendo waitie Tetris ndani ya boksi la Game Boy. Pajitnov mwenyewe alianza kupata mgao wake mwaka 1996, haki ziliporudi kwake na yeye na Rogers wakaanzisha kampuni ya Tetris. Nayataja haya kwa sababu moja. Miaka yake ya mwanzo, mchezo huu uliishi kwa kunakiliwa tu. Viwanda vilivyotengeneza Brick Game bila kumwomba mtu ruhusa vilivunja haki, hilo halina mjadala, lakini mtoto wa Kaloleni aliupata mchezo kwa njia inayofanana mno na ile ya mwanafunzi wa Moscow wa mwaka 1985: kutoka mkononi mwa jirani.

Na mitaa yenyewe ilifaa kwa kitu cha kupokezana. Kaloleni ilijengwa miaka ya 40, nyumba zake zikizunguka viwanja vya nyasi. Makongeni ilikuwa ya watu wa reli. Bahati, Maringo, Mbotela na mitaa ya Ofafa ilifuata miaka ya 50 na kuendelea, chumba kimoja au viwili kwa kila familia ya mfanyakazi. Chumba kilikuwa cha wazazi, cha jiko, cha wageni na cha kulala kwa pamoja, hivyo maisha ya mtoto yalikuwa nje. Huko nje kulikuwa na michezo ya kati, blada, banta na kalongolongo. Brick Game iliingia katika utaratibu uliokuwepo tayari: zamu. Anayekufa anapisha. Anayevunja rekodi anaongezewa zamu moja, au hapati, kulingana na ukali wa mwenye gemu. Mwenyewe alikuwa na mamlaka makubwa, na mamlaka hayo yalidumu muda ambao betri zilidumu.

Betri ndizo zilizokuwa gharama halisi. Kenya ilikuwa na kiwanda chake cha Eveready mjini Nakuru, kilichofunguliwa 1967 na kufungwa 2014, na picha ya paka ilijulikana katika kila duka la mtaa. Betri zilizosifika zaidi ni zile kubwa za redio na tochi. Gemu ilitaka zile nyembamba, na mzazi aliyekubali kununua gemu hakuwa amekubali kununua betri kila wiki mbili. Kwa hiyo watoto walijifunza kuzirefushia maisha. Betri iliyochoka ilianikwa juani kwenye kizingiti cha dirisha au juu ya bati. Wengine waliiuma kwa meno, jambo ambalo halifai hata kidogo kwa afya, na wengi wetu tulilifanya. Miraba ikianza kufifia, mchezaji aliinamisha kifaa kutafuta pembe ambayo weusi ulionekana, akaendelea.

Kifaa kikianguka sakafuni, mara nyingi safu moja ya miraba ilipotea kwenye kioo, wima, kutoka juu hadi chini. Tatizo lilikuwa pale umeme unapotoka kwenye ubao kuingia kwenye kioo. Fundi wa redio alifungua skrubu, akapangusa kwa spiriti, akatia kipande cha karatasi kilichokunjwa ili kigandamize, akafunga. Mara ilirudi, mara haikurudi. Na hapa kuna ustadi ambao sijauona ukisifiwa popote: walikuwepo watoto waliocheza miezi mizima na safu moja isiyoonekana, wakiikumbuka kichwani, wakijua bila kuona ni wapi kuna shimo na ni wapi pamejaa.

Mwaka 2000 uliipa Brick Game ushindi ambao hakuna aliyeutarajia. Ukame ulikausha mabwawa ya mto Tana, Masinga na mengine yaliyo chini yake, ambayo Kenya iliyategemea kwa sehemu kubwa ya umeme wake, na mgao mkali ukaanza. Gemu za kuchomeka kwenye televisheni zilizimwa pamoja na televisheni zenyewe. Vibanda vya kulipia mchezo vilifunga au vilifungua kwa saa chache. Brick Game haikuhitaji kitu kutoka ukutani. Kwa kuwa kioo chake hakikuwa na taa, usiku ilichezwa karibu na mshumaa au koroboi, vichwa vitatu vikigombania mwanga mmoja na kazi ya shule ya 8-4-4 ikisubiri pembeni.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo, jarida la Science lilichapisha utafiti wa Robert Stickgold na wenzake wa Harvard. Waliwachezesha Tetris watu 27, kisha wakawauliza waliona nini walipokuwa wakisinzia. Wengi waliona vipande vikianguka. Miongoni mwao walikuwamo watu watano waliopoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya, na baadhi ya hao nao waliona vipande, ingawa hawakukumbuka kuwa waliwahi kuicheza gemu. Kila aliyelala na Brick Game chini ya mto anaijua hali hiyo: unafumba macho, na kile kirefu ulichokisubiri mchana kutwa kinashuka chenyewe.

Hapo ndipo simu ilipoingia. Safaricom na KenCell zilianza kuuza laini kwa wingi mwaka 2000, na katika miaka michache simu iliyomilikiwa na tajiri ikawa ya mama mboga. Nokia 3310 ilikuja na nyoka, na pia na Bantumi, mchezo wa kugawa mbegu kwenye mashimo, ndugu wa bao, wa ajua ya Waluo na wa giuthi ya Wakikuyu. Watu walishangazwa na chombo cha Ulaya kilicholeta mchezo wa babu zao. Nokia 1100, ile iliyobatizwa mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake, iliingia kila nyumba. Brick Game ikaachiwa wadogo, kisha ikaachiwa droo.

Vipande vyenyewe havikufa. Simu zilizoweza kuendesha programu za Java zilipoenea, kazi mpya ilizaliwa mtaani: kijana mwenye kompyuta moja, waya kadhaa na folda kubwa. Unampa memori kadi, anakujazia nyimbo, picha na gemu. Faili za gemu zilikuwa ndogo, makumi au mamia ya kilobaiti, na moja ikishaingia Umoja ilifika Kayole kwa Bluetooth kabla jioni haijaisha. Wengine walizipakua wenyewe kutoka Waptrick au GetJar, wakihesabu kila shilingi ya salio. Nyaya za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009, na mtandao ukaanza kushuka bei.

Wakati huohuo, mbali na hapa, mchezo ulikuwa unauzwa kwa njia nyingine kabisa. Nintendo ilitoa DSi, kifaa chake cha mkononi, huko Japani mwishoni mwa 2008, ikiwa na duka la ndani ya mashine: hakuna kaseti, unalipa na gemu inashuka kwa mtandao. Mwaka 2010 Tetris Party Live ikawekwa kwenye rafu za duka hilo. Ilikuwa lazima uwe na intaneti ya nyumbani na kadi ya benki au kadi ya pointi, tena kutoka nchi iliyotambuliwa na duka, na Kenya haikuwamo. Nchi ambayo M-Pesa ilikuwa ikitumika tangu Machi 2007, ambako mtu angeweza kulipa karo au kutuma pesa Kisumu kwa sekunde chache, haikuweza kununua gemu ya vipande kwa njia iliyotakiwa. Duka la DSi lilifungwa tarehe 31 Machi 2017. Kadi ya Visa ya mtandaoni iliyounganishwa na M-Pesa ilikuja Juni 2022, na duka la 3DS, mrithi wa DSi, likafungwa Machi 2023. Kwa hiyo nakala hiyo halali ya kupakuliwa ilizaliwa, ikauzwa na ikaondolewa sokoni bila kugusa mitaa hii. Nasema haya kwa uchungu, maana wachezaji walikuwapo na nia ya kulipa ilikuwapo. Mlango haukuwapo.

Serikali nayo ilikuwa na neno lake kuhusu vitu visivyo na leseni. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza simu zote bandia zizimwe mtandaoni, na zaidi ya milioni moja zikanyamaza. Sababu zilielezwa: usalama, uhalifu, viwango. Katika simu zile za bei ya chini, zenye laini mbili na spika za kupasua masikio, mara nyingi kulikuwa na gemu ya vipande iliyowekwa na kiwanda, bila jina la Tetris. Simu iliyozimwa haikupiga wala kupokea, lakini bado iliwaka, na ikahamia mikononi mwa watoto. Tume iliyolenga kuisafisha sekta ya mawasiliano iligawa gemu za mkononi Eastlands kwa wingi kuliko muuzaji yeyote.

Kipindi hichohicho wabunifu wa Nairobi walianza kutengeneza gemu zao wenyewe. Wesley Kirinya alikuwa ametoa Adventures of Nyangi tangu 2007. Baadaye ikaja Ma3Racer ya Planet Rackus, mbio za matatu zilizopakuliwa kwenye simu za Nokia, dereva akikwepa magari na watembea kwa miguu katika barabara za Nairobi. Mtu aliyewahi kucheza lile gari la mbio la Brick Game, miraba michache ikikwepa miraba mingine kwenye barabara ya safu 10, angejisikia nyumbani.

Desemba 2023 kijana wa Oklahoma, Willis Gibson, mwenye miaka 13, aliicheza Tetris ya Nintendo hadi kiwango cha 157, programu ikashindwa na kuganda. Alitambuliwa kuwa mwanadamu wa kwanza kuifikisha nakala ile mwisho. Habari hiyo ilinifurahisha sana. Mwanahisabati Heidi Burgiel alikuwa ameonyesha mwaka 1997 kwamba vikija vile viwili vya Z tupu, kwa kupokezana, hakuna ustadi utakaokuokoa, hivyo anayeshinda huwa ameshinda pia kwa kubahatika. Rekodi za Jericho na Dandora hazikupigwa picha. Nyingi zilifutika betri zilipotolewa, kwa kuwa kifaa hakikuhifadhi chochote, na mashahidi wake ni waliokuwa wamepanga foleni ya zamu.

Ukienda Luthuli Avenue leo utakuta vifaa vya mkononi vinavyoitwa SUP, 400 in 1, vya rangi nyekundu, bluu na njano. Kioo chake kina rangi na taa, na zile gemu za zamani za televisheni zimejazwa ndani, za vipande zikiwemo. Namba ya usoni imeshuka kutoka 9999 hadi 400, lakini kioo hakihitaji tena mshumaa. Hakitumii betri nyembamba za kuanika juani. Ukifungua kifuniko cha nyuma utakuta BL-5C, betri ileile ya mulika mwizi, inayopatikana kwa fundi yeyote wa simu kuanzia Muthurwa hadi Komarock.